Dakika Kumi za Mozart: Je, Muziki wa Klasiki Unaongeza Akili?

Chukua karatasi. Ikunje katikati, kisha ikunje tena kwa kukatiza mkunjo wa kwanza. Shika mkasi, kata kipande kidogo kwenye ile kona ambako mikunjo miwili inakutana. Kabla hujaikunjua, jiulize: itakuwa na matundu mangapi, na yatakaa wapi? Jibu ni tundu moja, katikati kabisa. Ungekata kwenye ukingo wa mkunjo, mbali kidogo na kona, yangekuwa mawili. Mtu mwingine hulipata jibu papo hapo, mwingine hufumba macho na kuikunjua karatasi kichwani polepole, hatua kwa hatua.

Naomba uishike karatasi hiyo tunapoendelea, kwa sababu imani yote kwamba muziki wa Mozart, yule mtunzi maarufu wa muziki wa klasiki, unaongeza akili imetokana nayo. Wazazi walionunua kaseti na CD, wajawazito wanaoweka hedifoni tumboni, video za saa nane mtandaoni zenye picha ya kichanga aliyelala: ukifuatilia mizizi ya vyote hivyo, unafika kwenye karatasi iliyokunjwa na kukatwa.

Mwaka 1993, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine, watafiti watatu waliwaita wanafunzi 36 wa chuo. Watafiti hao walikuwa Frances Rauscher, ambaye kabla ya kuingia kwenye saikolojia alikuwa mpigaji wa selo, Gordon Shaw, mwanafizikia, na Katherine Ky. Kila mwanafunzi alipitia hali tatu. Mara moja alisikiliza kwa dakika kumi sonata ya Mozart ya piano mbili, ile yenye namba K. 448. Mara nyingine alisikiliza sauti ya mtu akimwelekeza namna ya kutulia na kulegeza mwili. Mara ya tatu alikaa kimya. Baada ya kila moja alipewa maswali ya kupima jinsi anavyoyaona na kuyageuza maumbo kichwani, na mojawapo lilikuwa hilo la karatasi: unaonyeshwa mchoro wa karatasi inavyokunjwa na kukatwa, kisha unachagua itakavyoonekana ikikunjuliwa.

Baada ya Mozart walifanya vizuri zaidi. Watafiti waliyageuza matokeo kuwa alama za IQ, kile kipimo cha akili, ili yaeleweke: 119 baada ya Mozart, 111 baada ya maelekezo ya kutulia, 110 baada ya kimya. Taarifa yao, ukurasa mmoja tu, ilitoka katika jarida la Nature mwezi Oktoba mwaka huo. Humo humo waliandika kwamba faida hiyo haikudumu zaidi ya dakika 10 hadi 15, yaani muda ule ule mtu alipokuwa akijibu maswali. Hawakupima hesabu, lugha wala kumbukumbu. Na hapakuwa na mtoto hata mmoja.

Swali lao lilikuwa na msingi. Shaw alikuwa ametengeneza kwa kompyuta mfano wa jinsi seli za ubongo zinavyowaka kwa mpangilio, na mpangilio huo ulipogeuzwa kuwa sauti, ulisikika kama muziki. Akajiuliza kama muziki wenye mpangilio mzuri unaweza nao kuuandaa ubongo kwa kazi ya mpangilio. Wakajaribu, wakaandika walichokiona na mipaka yake. Sina lawama nao. Mambo yaliharibika ugunduzi ulipotoka nje ya maabara.

Magazeti yalianza na "wanafunzi wa chuo", kisha wanafunzi hao wakapotea, nafasi yao ikachukuliwa na "watoto", na hatimaye "vichanga". Adrian Bangerter na Chip Heath walichapisha mwaka 2004 kazi ya kufuatilia habari hiyo ilivyosafiri magazetini, na mabadiliko hayo wakayaona waziwazi. Waliona jambo jingine pia, ambalo mimi nimelifikiria sana: nchini Marekani, majimbo ambako elimu ya watoto ilikuwa na matatizo zaidi ndiko magazeti yalikoishabikia zaidi habari ya Mozart. Mzazi mwenye hofu ya shule ndiye aliyeipokea kwa mikono miwili. Si ujinga huo. Ni mapenzi kwa mtoto yanayotafuta pa kushika.

Januari 1998 Zell Miller, gavana wa jimbo la Georgia, aliomba bunge la jimbo litenge dola 105,000 ili kila mtoto anayezaliwa Georgia apewe kaseti au CD ya muziki wa klasiki. Aliwapigia wabunge kipande cha Beethoven na kuwauliza kama hawajaanza kujisikia wenye akili zaidi. Mwishowe kampuni ya Sony ilizitoa bure. Mwaka huo huo jimbo la Florida lilipitisha sheria ya kuvitaka vituo vya kulelea watoto vinavyopata fedha za serikali viwapigie watoto muziki wa klasiki kila siku. Tayari mwaka 1997 Don Campbell alikuwa ametoa kitabu kilichobeba jina la "athari ya Mozart" na kulisajili jina hilo kama alama ya biashara. Miaka mitano tangu ukurasa mmoja wa Nature, kukawa na sheria, biashara na mamilioni ya wazazi walioamini.

Wakati huo maabara nyingine zilikuwa zinarudia jaribio, na wengi hawakukipata kile kilichopatikana Irvine. Mwaka 1999 Christopher Chabris alizikusanya tafiti 16 na kuzichambua pamoja; faida iliyobaki ilikuwa kama alama 1.4 za IQ, kiasi ambacho mtu anaweza kupata au kupoteza kwa kulala vizuri au vibaya. Rauscher alijibu katika jarida la Nature kwamba wao hawakuwahi kudai Mozart anaongeza akili kwa jumla. Walichosema kilihusu kazi za maumbo peke yake. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vienna, mji ambao Mozart mwenyewe aliishi na kufia, walichambua tafiti karibu 40 zenye washiriki wapatao 3,000. Waliosikiliza Mozart waliwazidi kidogo waliokaa kimya. Lakini waliosikiliza muziki mwingine wowote nao waliwazidi waliokaa kimya, kwa kiasi kinachokaribiana. Mozart hakuwa na lake la pekee.

Kulikuwa pia na jaribio la panya, lile ambalo watu hulitaja kama ushahidi wa mwisho: panya waliopigiwa sonata hiyo tangu tumboni mwa mama zao walipita kwenye njia za kupotezea haraka kuliko wenzao. Ila panya huzaliwa viziwi, na hata wakikua, masikio yao hayanasi sehemu kubwa ya noti za piano. Tuliache hapo.

Basi ile faida ndogo ilitoka wapi, maana haikuwa ya kubuni? Wanasaikolojia wa Canada, Kristin Nantais na Glenn Schellenberg, waliweka hadithi mahali pa kimya. Mtu alisikiliza Mozart siku moja, siku nyingine akasikiliza hadithi fupi ikisomwa, kisha akajibu maswali ya karatasi. Waliopenda muziki kuliko hadithi walifanya vizuri baada ya muziki. Waliopenda hadithi walifanya vizuri baada ya hadithi. Katika jaribio lililofuata, Schellenberg na wenzake wengine walilinganisha sonata ya Mozart, ambayo ni ya haraka na yenye furaha, na kipande cha taratibu chenye huzuni. Wa sonata walifaidika, wa huzuni hawakufaidika, na watafiti walipoondoa kwenye hesabu tofauti za uchangamfu na hali ya moyo, faida yenyewe ikayeyuka karibu yote.

Kwa hiyo kilichofanya kazi ni kuchangamka. Mtu aliyekaa kimya dakika kumi kwenye chumba cha maabara amechoka na amechoshwa. Mtu aliyesikiliza kitu anachokipenda ameamka, damu inatembea, moyo una raha, na kichwa kilichoamka huikunjua karatasi haraka. Kikombe cha kahawa chungu barazani kingefanya kazi hiyo hiyo, na hakuna anayesema kahawa chungu imemwongezea akili ya kudumu.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ulitoka Uingereza. Mwaka 1996 watoto zaidi ya 8,000 wa miaka 10 na 11 walishiriki jaribio lililorushwa na BBC, shule nyingi kwa wakati mmoja. Kundi moja lilisikiliza Mozart, la pili mazungumzo kuhusu jaribio lenyewe, la tatu nyimbo za pop zilizokuwa zikivuma, zikiwemo za bendi ya Blur. Kisha wakapewa mafumbo ya maumbo, likiwemo la karatasi. Schellenberg na Susan Hallam walipoyachambua matokeo na kuyachapisha mwaka 2005, kwenye fumbo la karatasi walioongoza ni wale wa pop. Kwenye fumbo la pili hapakuwa na tofauti. Ukilifanya jaribio hilo kwa watoto wa Temeke, mimi ningetarajia singeli iwashinde wote, kwa sababu ile ile.

Mwanafunzi anayejiandaa na mtihani atauliza: basi nisome huku muziki unapiga? Muziki kabla ya kukaa kusoma, ule unaoupenda na unaokuchangamsha, hauna ubaya, na unaweza kukusaidia kuanza. Wakati wa kusoma ni hesabu nyingine. Nyimbo zenye maneno hugombania sehemu ile ile ya akili inayoyashughulikia maneno ya kitabuni, na majaribio ya kusoma kwa ufahamu huonyesha watu wakishuka wimbo ukiwa unaimbwa, hasa kwa lugha wanayoielewa. Ala tupu, kwa sauti ya chini, hazisumbui kiasi hicho.

Turudi kwa watoto, maana huko ndiko maumivu ya wazazi yalipo. Wifi yangu, akiwa na mimba ya miezi saba, alikuwa akijilaza kochini kila jioni, hedifoni kubwa za kaka yangu amezifunga tumboni kwa kanga, simu ikipiga piano. Nilimwuliza anasikia nini. "Mimi sisikii kitu, wifi. Anasikia yeye." Nikamwuliza kwa nini asizungumze naye tu. Akacheka, akasema anaona haya, nyumba ina watu. Nilinyamaza, lakini nilitamani kumweleza mambo mawili.

La kwanza, mtoto tumboni anasikia kweli, kuanzia kama wiki ya 25. Lakini kinachomfikia kimepita kwenye nyama na maji: sauti nyembamba hupotea njiani, zinabaki zile nzito, kama unavyosikia redio ya jirani kupitia ukutani. Piano ya Mozart inamfikia ikiwa nusu. Sauti pekee inayomfikia vizuri kila siku ni ya mama yake, kwa sababu hiyo hupita pia ndani ya mwili wa mama, kwenye mifupa. Tena madaktari hawashauri spika kubanwa tumboni kwa sauti kubwa.

La pili ni jaribio la mwaka 1980 la Anthony DeCasper na William Fifer huko North Carolina. Waliwapa vichanga wasiofikisha siku tatu chuchu ya mpira iliyounganishwa na kinasa sauti. Mtoto akinyonya kwa mwendo fulani, anasikia sauti ya mama yake ikisoma hadithi. Akibadilisha mwendo, anasikia mwanamke mwingine akisoma hadithi ile ile. Watoto wale, waliokuwa hawajamaliza hata siku tatu duniani, walibadilisha namna yao ya kunyonya ili waipate sauti ya mama. Mtoto wa siku mbili anafanya kazi kwa mdomo wake ili akusikie wewe. Sijui utafiti mwingine kuhusu watoto unaonigusa kama huu.

Na anapokua kidogo mambo yanakwenda vivyo hivyo. Mwaka 2010 Judy DeLoache na wenzake waliwachukua watoto wa kati ya miezi 12 na 18 na kuwafuatilia kwa wiki nne. Baadhi walitazama video ya kufundisha maneno, aina ile inayouzwa kama ya kukuza ubongo. Wengine hawakupewa video. Wazazi wao walipewa orodha ya maneno yale yale na kuambiwa wawafundishe kwa namna yoyote inayowajia katika shughuli za kila siku. Waliotazama video hawakujifunza maneno kuwazidi watoto ambao hawakufundishwa chochote. Waliojifunza zaidi ni wale wa wazazi: mtoto anaogeshwa, anaambiwa hiki ni kikombe, anaambiwa tena kesho.

Kusikiliza ni jambo moja, kujifunza kupiga ala ni jambo jingine, na mjadala wa wataalamu kwa sasa uko hapa. Mwaka 2004 Schellenberg aliwagawa watoto 144 wa miaka sita mjini Toronto kwa bahati nasibu katika makundi manne: kinanda, kuimba, maigizo, na wasiofundishwa kitu. Baada ya mwaka wa masomo, IQ za watoto wote zilikuwa zimepanda, kama inavyotokea mtoto anapoanza shule, lakini wa muziki walipanda kwa alama 7.0 na wengine kwa 4.3. Tofauti ya alama 2.7 si bure, ila ni ndogo. Watoto wa maigizo, kwa upande wao, waliimarika katika tabia ya kuishi na wenzao, jambo ambalo wa muziki hawakulipata. Nashangaa hakuna gavana aliyeomba fedha za maigizo.

Tafiti za baadaye zimekuwa kali zaidi. Huko Sweden, watafiti waliwaangalia mapacha wanaofanana kabisa, mmoja akiwa amepiga ala maishani mwake kuliko mwenzake. Kama mazoezi ya muziki yangekuwa yanapandisha IQ, pacha aliyepiga zaidi angemzidi mwenzake. Hakumzidi. Mwaka 2020 Giovanni Sala na Fernand Gobet walichambua tafiti 54 zenye watoto 6,984, na wakaona kwamba kadiri utafiti unavyopangwa vizuri, ndivyo faida ya muziki kwenye akili na masomo inavyokaribia sifuri. Wapo watafiti wenzao wanaoupinga uchambuzi huo, na mjadala haujafungwa. Ila yeyote anayekuuzia darasa la piano kwa ahadi kwamba mtoto ataongoza hesabu, anauza asichokuwa nacho.

Lakini mbona watoto wanaopiga piano huonekana wana akili? Tazama ni nani anayepelekwa darasa la piano. Ni mtoto ambaye nyumbani kuna nauli, kuna ada, kuna mtu wa kumsubiri nje ya darasa Jumamosi asubuhi, na yeye mwenyewe ana utulivu wa kurudia kitu kimoja mara hamsini. Mtoto huyo angefanya vizuri shuleni hata bila piano.

Kitu ambacho masomo ya muziki hukijenga kwa uhakika zaidi kiko karibu na muziki wenyewe: sikio. Huko Los Angeles, maabara ya Nina Kraus ya Chuo Kikuu cha Northwestern iliwafuatilia watoto wa mitaa yenye magenge waliokuwa wakifundishwa muziki bure. Walipima jinsi ubongo unavyonasa tofauti ndogo za silabi zinazofanana. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na mabadiliko. Baada ya miaka miwili, ubongo wa watoto waliofundishwa ulikuwa unazipambanua sauti hizo kwa usahihi zaidi. Miaka miwili, na kwa kupiga, si kwa kupigiwa.

Nairobi, mtaani Korogocho, kando ya jalala la Dandora, watoto wa Ghetto Classics wamekuwa wakijifunza fidla na tarumbeta tangu 2008 katika eneo la kanisa la Mtakatifu Yohana. Muziki wanaopiga ni huo huo wa klasiki. Anayewatazama wakikaa kwenye viti vya plastiki, kila mmoja akimsikiliza wa pembeni ili asiingie kabla ya wakati, haoni haja ya kuwatetea kwa alama za IQ. Ningependa mtoto wangu ajifunze ala kwa sababu hiyo, na kwa sababu muziki ni mzuri. Sonata ile ya K. 448 nayo ni nzuri mno: piano mbili zinaitikiana kama watu wawili wanaokamilishiana sentensi. Inastahili kusikilizwa na mtu yeyote bila kuahidiwa malipo.

Kuna mahali kusikiliza peke yake kumeleta kitu cha kupimika, nako ni kwa watu wazima waliougua. Mwaka 2008 Teppo Särkämö na wenzake mjini Helsinki walichapisha matokeo ya wagonjwa 60 waliotoka kupatwa na kiharusi. Kwa miezi miwili kundi moja lilisikiliza muziki walau saa moja kila siku, la pili vitabu vinavyosomwa kwa sauti, la tatu likapata matibabu ya kawaida tu. Miezi mitatu baada ya kiharusi, kumbukumbu ya maneno ilikuwa imepanda kwa asilimia 60 kwa wa muziki, 18 kwa wa vitabu na 29 kwa wale wengine. Wagonjwa walikuwa wachache, na hapa tunasema ubongo uliojeruhiwa unarudishiwa kilichokuwa chake, hatusemi unaongezewa. Lakini muziki huo hakuuchagua daktari. Kila mgonjwa alijichagulia wake.

Kwa hiyo kama nyumbani kuna mzee aliyepatwa na kiharusi, mbali na dawa na mazoezi aliyoandikiwa, muulize ujanani alicheza na bendi gani. Akishindwa kutamka, waulize aliocheza nao. Zitafute hizo nyimbo, weka simu karibu na mto wake, na ukae hapo zikipiga.